Kitenzi Kisicho na Mdomo

Waandishi wa gazeti ndio waliompa jina la Nani Kasema, na hawakumpa kwa mapenzi. Alikuwa msahihishaji. Kazi yake ilikuwa kukamata nukta zilizosahauliwa na herufi zilizoruka, na kwa kazi hiyo alilipwa kidogo na kusahauliwa sana. Lakini alikuwa na tabia ya kutoka chumbani kwake na karatasi mkononi, kusimama nyuma ya kiti cha mwandishi na kuuliza kwa sauti isiyopanda wala kushuka, "Umeandika hapa imefahamika. Nani kasema?" Mwandishi angejibu kwamba habari imetoka kwa watu wa karibu. Yeye angeuliza, wa karibu na nani? Mhariri mkuu alimwonya mara kadhaa kwamba akamate nukta zake, mengine awaachie wenyewe. Alikamata nukta. Kesho yake akasimama tena nyuma ya kiti.

Gazeti lilipofungwa na mitambo kuuzwa kwa bei ya chuma chakavu, alikuwa amefika umri ambao mwajiri hutazama cheti, kisha mvi, kisha mlango. Alipata nafasi ya kutunza maktaba ya shule iliyokuwa jirani na kwao. Maktaba yenyewe ilikuwa stoo ya zamani ya vifaa vya michezo. Harufu ya mipira haikuwahi kuhama, na ukutani zilibaki ndoano za kutundikia nyavu. Nani Kasema alizitundikia magazeti. Na kila Alhamisi mchana, masomo yakiisha, aliwakusanya wanafunzi wa miaka kumi na mitatu na kumi na minne waliopenda kubaki, akawafundisha kuisoma habari kabla ya kuiamini.

Hakuna aliyemtuma. Mwalimu mkuu alikubali kwa sababu somo halikugharimu kitu. Hata hivyo ilikuwa kazi ya heshima, maana watoto wa siku hizi hupewa simu kabla hawajapewa akili ya kuitumia, na wanaowapa ni sisi. Mtoto anafundishwa kunawa mikono kabla ya kula. Hafundishwi kitu chochote kabla ya kumeza maneno.

Njia yake ya kufundisha ilikuwa ya msahihishaji. Aliwaambia kwamba kila habari imetoka mdomoni mwa mtu. Mwandishi mkweli huuonyesha mdomo huo: daktari wa zahanati amesema, dereva aliyekuwepo ameeleza. Lakini lugha yetu ni karimu, na imetupa vitenzi vinavyoweza kusema bila kuwa na msemaji. Inasemekana. Inadaiwa. Inaaminika. Aliviita vitenzi visivyo na mdomo. Watoto walikata vipande vya magazeti, wakachapisha na ujumbe walioupata kwenye simu za nyumbani, wakachora kwa penseli nyekundu mdomo pembeni ya kila sentensi yenye msemaji anayejulikana. Pasipo na msemaji walichora uso mtupu, macho na pua tu. Baada ya muhula mmoja ukuta wa maktaba ulijaa nyuso zisizo na midomo, zikiwatazama wanaoingia.

Watoto walilipenda somo hilo, tena kwa kelele. Mmoja, mvulana aliyeitwa Spika kwa sababu ya sauti yake, aliingia siku moja na kutangaza kwamba inasemekana leo wanatoka mapema.

"Nani kasema?" akauliza mwalimu.

"Tumbo langu, mwalimu."

"Afadhali. Angalau lina mdomo. Kaa chini."

Katika kundi hilo alikuwemo msichana mmoja ambaye hakuwa na kelele. Alikuwa binti wa fundi bomba na mshonaji wa sare za shule, mtoto wao wa pekee. Wenzake walimwita Mhariri, na jina hilo alilipata kwa halali.

Nyumbani kwao kulikuwa na simu moja, iliyokaa kwenye droo ya cherehani pamoja na chaki ya kukatia na vifungo. Macho ya mama yalikuwa yamechoshwa na sindano, na maandishi ya simu kwake yalikuwa kama sisimizi. Hivyo msomaji wa ujumbe wote alikuwa binti. Siku moja uliingia ujumbe uliosema kuwa daktari bingwa mmoja amegundua kwamba wenye presha waache vidonge, wanywe maji ya ndimu asubuhi na jioni. Mama alikuwa na presha, na vidonge alikuwa amevichoka. Alikuwa ameshatuma mtu ndimu. Binti akamzuia. Daktari gani? Wa hospitali gani? Kisha akavaa viatu, akaenda mpaka zahanati, akasimama kwenye foleni ya wagonjwa akiwa mzima, na kumwuliza muuguzi. Muuguzi alimwambia kwamba mama yake akiacha vidonge atawaletea kazi nyingine kabisa.

Alhamisi iliyofuata Nani Kasema alilieleza jambo hilo mbele ya wote. Alisimulia jinsi Mhariri alivyoutilia shaka ujumbe, jinsi alivyouona uso usio na mdomo. Habari ya kwenda zahanati aliitaja kwa haraka, mwishoni, kama mtu anayefunga mlango. Alikisifu kichwa cha mtoto. Miguu yake iliyokwenda kuuliza haikupata sifa, na watoto hushika kile kinachosifiwa.

Tangu hapo Mhariri akawa mlinzi wa simu. Namba ngeni hazikupokelewa, kwa sababu matapeli walikuwa wengi na walijua kulia. Ujumbe usio na jina ulifutwa. Mama aliona fahari. Wateja wakimletea maneno ya mtaani aliwaambia wasubiri kwanza mhariri wake arudi shule, ndipo atajua ashtuke au aendelee kushona.

Baba alikuwa mbali. Alikuwa akifunga mabomba kwenye jengo la ghorofa katika mji ambao basi lilichukua siku nzima kuufikia, au usiku kucha kwa atakayeondoka na basi la alasiri. Alipiga simu Jumapili. Kwanza alizungumza na binti yake, ambaye alimwita Bosi, akimtaka amweleze habari za wiki na kama ni za kweli. Kisha simu ilikwenda kwa mama, na binti alitoka nje, kwa sababu mazungumzo ya wakubwa hayasikilizwi. Ndivyo alivyolelewa.

Jumatano moja mama alikuwa amepeleka sare kwa mteja. Simu iliita droo ikatetemeka. Namba ilikuwa ngeni. Binti aliiacha. Ikaita tena, akaiacha tena. Halafu ukaingia ujumbe:

"Salamu shemeji. Poleni na majukumu. Inasemekana fundi hali yake haijakaa sawa kidogo. Si ya kutisha. Mkipata nafasi njooni mapema, na mtoto aje. Ni mimi wa chumba cha pili."

Aliusoma kama alivyofundishwa. Jina hakuna. Namba haijulikani. Shemeji ni neno ambalo tapeli yeyote anaweza kulitumia, maana kila mwanamke mwenye mume ana shemeji mahali fulani. Fundi, fundi gani? Mji umejaa mafundi. Watu wanaitwa waende mahali, tena mapema, na mtoto. Na juu ya yote, katikati pale, inasemekana. Alijaribu namba ya baba, haikupatikana, lakini kule kwenye ujenzi umeme ulikatika mara kwa mara na simu ya baba iliweza kuzimika siku nzima. Mama aliporudi hakumwambia. Presha yake ilikuwa juu wiki ile, na mhariri gani mwenye akili humpa msomaji wake uongo amsumbue? Hakuufuta, lakini. Ulikuwa mzuri mno. Aliunakili kwenye karatasi ili aupeleke maktaba.

Lilikuwepo sharti moja katika somo lile, tena sharti jema: anayeleta ujumbe wa nyumbani aondoe chochote kinachomtambulisha mtu, asije akaaibishwa asiyekuwepo. Kwa hiyo pale palipoandikwa fundi, binti aliandika fulani.

Alhamisi Nani Kasema aliuandika ujumbe ule ubaoni kwa mwandiko wake mkubwa ulionyooka. Akawaachia watoto.

Walicheka sana. Msichana mmoja alisema aliyeandika amechanganyikiwa, mara haijakaa sawa, mara si ya kutisha, mara njooni mapema, achague moja. Mwingine alitaka kujua shemeji ni wa nani, maana dada yake ana mashemeji watatu na wote ni waongo. Spika alisimama, akashika kiuno.

"Huyu wa chumba cha pili katoa maoni yake. Mimi nataka nimsikie wa chumba cha kwanza."

Hata mwalimu alicheka. Ulikuwa mfano kamili, wa aina ambayo mwalimu huitafuta muhula mzima. Ulikuwa na kila dalili aliyowahi kuwafundisha, zimepangwa kama vitu dukani. Alimwuliza Mhariri ameupata wapi. Akajibiwa kwamba kwenye simu ya nyumbani, namba haijulikani. Hapo swali la pili lilimfika mwalimu kwenye ulimi: na mama amesemaje? Lilikuwa swali dogo. Lakini Spika alikuwa akiigiza wa chumba cha kwanza, na darasa limelala juu ya madawati kwa kicheko, na mfano ulikuwa mtamu, na swali lile lingeupoza. Akachukua chaki nyekundu, akachora uso pembeni mwa ujumbe, macho na pua.

"Umefanya vizuri, Mhariri," alisema.

Aliupenda mfano kuliko mtu aliyekuwa ndani yake. Hilo ni kosa la walimu, na ni kosa la waandishi wa habari, na yeyote anayelichukulia kuwa dogo asikabidhiwe darasa wala kalamu.

Watoto waliondoka. Chumba kilinyamaza, harufu ya mipira ikarudi. Nani Kasema alichukua kitambaa kufuta ubao, akaanza juu, akaifuta salamu na pole. Kisha akayasoma yaliyobaki, na safari hii hapakuwa na mtu wa kucheka.

Njooni mapema, na mtoto aje.

Mkono ulisimama. Aliwahi kuandikiwa hivyo. Alipokuwa kijana gazetini, mjomba wake alimpelekea maneno machache: mama ana homa kidogo, ukipata ruhusa njoo. Hakuuliza nani kasema. Hakumwuliza mjomba homa ya nyuzi ngapi. Alikwenda kwa mhariri mkuu kuomba ruhusa huku machozi yanamtoka, kwa sababu alijua, kama ajuavyo kila mtu mzima aliyelelewa katika lugha hii, kwamba homa kidogo haimwiti mtu kutoka mbali. Watu wetu hawaandiki kifo. Wanakizunguka, wanakipunguza, wanakiwekea kidogo mwishoni. Na wanapokuwa na huruma kuliko kawaida, hujitoa wenyewe kwenye sentensi, wakaacha kitenzi kiseme peke yake.

Mwongo huuficha mdomo wake. Mwenye huruma naye huuficha. Kwenye karatasi wanafanana kama mapacha, na yeye alikuwa amewafundisha watoto kumjua pacha mmoja tu.

Hakumaliza kufuta ubao. Hakufunga mlango. Nyumba hakuijua, akauliza njiani nyumbani kwa fundi bomba ni wapi, na mshona viatu mmoja akamjibu kwamba fundi bomba yuko safarini, kama ana bomba linalovuja atafute mwingine. Alisema anamtaka mkewe. Mshona viatu akamtazama usoni, akaacha utani, akamwelekeza.

Mama alikuwa barazani akishona kola. Binti alikuwa chini akitenganisha vifungo vyeupe na vya bluu. Alipomwona mwalimu wake alisimama kwa furaha, akaamkia, akidhani amekuja kumsifu mbele ya mama. Nani Kasema alimwambia alete simu na amsomee mama ule ujumbe wa darasani, kama ulivyo.

Binti alisoma. Kwenye neno fundi sauti ilipungua, kwa sababu kulitamka mbele ya mama kulikuwa tofauti na kulisoma peke yake. Akafika mwisho. Mguu wa mama uliacha kukanyaga cherehani.

"Rudia hapo mwisho."

"Ni mimi wa chumba cha pili."

Mama hakupiga kelele. Aliuliza ujumbe umekuja lini. Akaambiwa jana. Akauliza jana saa ngapi, kisha akasema basi, asijibu. Alieleza, akimtazama mwalimu na si mtoto, kwamba wa chumba cha pili ni fundi rangi, jirani wa mumewe kwenye nyumba ya kupanga. Mumewe hakuwahi kumtaja kwa jina tangu wahamie pale. Kila Jumapili ilikuwa ni wa chumba cha pili kaunguza wali, wa chumba cha pili kaimba mpaka tumemgongea ukuta. Hakuna jina duniani alilolijua vizuri zaidi ya lile. Ila yalikuwa mazungumzo ya wakubwa, na mtoto alikuwa nje.

Wakapiga namba ile. Fundi rangi alipokea kabla haijaita sawasawa.

"Njooni tu, shemeji," alisema.

Mama akauliza kama mumewe anaongea.

"Anamtaja Bosi. Njooni tu."

Basi la alasiri lilikuwa limeshaondoka. Liliondoka wakati darasa linacheka.

Walipanda la asubuhi. Nani Kasema aliwasindikiza kituoni, akambebea mama mfuko. Binti alikuwa amevaa sare ya shule, kwa kuwa ndiyo nguo yake iliyopigwa pasi. Walifika jioni. Baba alikuwa amefariki asubuhi ya siku hiyo, jua likiwa limeshatoka, wakati wao wako njiani wanatazama mashamba.

Alianguka kutoka kwenye ngazi Jumatatu akiwa na bomba begani. Simu yake ilivunjika mfukoni. Ilionekana ameumia mbavu tu, akatania kwamba bomba ndilo lililoumia zaidi. Jumatano ikadhihirika kwamba ndani kulikuwa kumeharibika. Haya yote fundi rangi alimweleza mama kwenye veranda ya hospitali, akiwa bado na rangi kwenye kucha, na alieleza kwa aibu ya mtu aliyetumwa akashindwa. Alisema alipiga, simu haikupokelewa. Ndipo mgonjwa alipomwambia aandike, lakini akampa sharti.

"Aliniambia, simu anaisoma mtoto. Usimwandikie vibaya." Alijifuta uso kwa kiwiko. "Shemeji, ningeandika nimemwona, ningelazimika kuandika nilichokiona. Ndiyo nikaandika inasemekana."

Mama aliuliza mpaka lini mumewe alikuwa na fahamu. Alhamisi usiku, alisema fundi rangi, alikuwa bado anageuza kichwa mlango ukifunguliwa.

Basi mama alifanya kile ambacho mama wengi wangefanya. Alimwomba fundi rangi asimwambie mtoto. Kwa binti alisema kwamba baba hakuwa na fahamu tangu Jumatano, kwamba hata wangepaa wasingemkuta. Shangazi aliyekuja mazikoni alirudia hivyo hivyo. Majirani wakarudia. Walikuwa na nia njema wote.

Walipokuwa wamerudi na wageni wa msiba wamepungua, Nani Kasema alikwenda. Hakwenda kufariji, alikwenda kusema. Alimweleza mama kwamba ujumbe ule aliuandika ubaoni kwa mkono wake, kwamba watoto waliucheka na yeye akacheka, kwamba swali la kumwuliza Mhariri lilimjia akaliacha, na basi la alasiri lilikuwa bado halijaondoka. Aliyasema kwa mpangilio, bila kulia, kwa kuwa aliona kwamba akilia atamlazimisha mfiwa kumbembeleza.

Mama alimsikiliza mpaka mwisho. Alikuwa ameshika kitambaa cha kazi lakini hashoni.

"Mwalimu, ulimfundisha mwanangu kuuliza nani kasema," alisema. "Kuja kuniuliza mimi, ungemfundisha lini?"

Mama akamweleza alichoelezwa veranda ya hospitali, chote, kwa sababu mzigo ule alikuwa hajautua kwa mtu yeyote. Akamwomba naye anyamaze. Mwalimu alisema hatamwambia mtoto uongo. Mama akasema hajamwomba aseme uongo, amemwomba asiseme kitu. Wakaachana hapo, si kwa ugomvi wala si kwa mapatano.

Binti alirudi shule. Simu hakuigusa tena. Mama alipopata ujumbe alimpelekea mshona viatu amsomee, na mtoto alipoona simu inaita alitoka nje, hata kama hapakuwa na mazungumzo ya wakubwa. Maktaba hakwenda. Spika, ambaye mtu aliyemjua juzi asingemtambua, alikuwa akipita mbele ya darasa la Mhariri bila kutoa sauti. Alijaribu kumwomba radhi mara moja, akasema wa chumba cha kwanza ulikuwa utani tu, akashindwa kuendelea. Somo la Alhamisi liliendelea, lakini Nani Kasema alibandua nyuso zote ukutani. Aliwaambia watoto kwamba kutilia shaka ni nusu ya kazi, na kwamba yeye aliwapa nusu hiyo akaiita kazi nzima. Ukishauliza nani kasema, unakwenda kwa anayeweza kujua, unamwonyesha, unasubiri akujibu. Na wa kwanza ni yule anayeishi nawe. Waliandika. Sijui kama mtoto anaweza kuandika jambo kama hilo na kulielewa siku hiyo hiyo, lakini lilipaswa kusemwa.

Mhariri alikuja mchana mmoja ambao haukuwa Alhamisi, wakati wenzake wanacheza uwanjani. Alisimama kando ya meza. Alikuwa amekonda, na sare ilimpwaya mabegani, yeye mtoto wa mshonaji.

"Mwalimu, wanasema hata ningemwonyesha mama Jumatano tusingemkuta."

Mwalimu aliweka chini kitabu alichokuwa akikibandika.

"Shangazi anasema. Jirani anasema. Nikiwauliza nani kawaambia, wananiambia nisijitese. Wewe husemi uongo. Tungemkuta?"

Ndilo swali alilokuwa akiliogopa tangu mama alipomwomba anyamaze. Angeweza kunyamaza, kama alivyoombwa, na mtoto angeusoma ukimya ule vizuri kuliko maandishi, kwa kuwa ndivyo alivyomfundisha. Angeweza kujibu, na kwa mara ya pili mama angekuwa wa mwisho kujua anachoambiwa mtoto wake. Aliinuka, akachukua mkoba.

"Mimi sikuwepo," alisema. "Mama yako ameongea na aliyekuwepo. Twende tukamwulize pamoja."

Mama alipowaona wanakuja, saa za shule, wameshikana mikono, alijua. Alimtazama mwalimu kwa jicho ambalo mwalimu hakulikwepa. Binti alirudia swali lake, neno kwa neno, mbele ya cherehani. Safari hii hakusema wanasema. Alisema, "Mama, nakuuliza wewe."

Mama alitazama kola iliyokuwa chini ya sindano. Aliikata nyuzi, akaitoa, akaikunja, akaiweka juu ya nyingine. Alikuwa na jibu lililokwisha kutayarishwa, jibu ambalo nyumba nzima ilikuwa imelikariri, na ilimlazimu aliache ili achukue jingine.

"Tungemkuta, mwanangu," alisema. "Alikuwa anatusubiri."

Binti aliitikia kwa kichwa, kama mtu aliyepewa majibu ya mtihani ambayo alishayajua. Alikaa sakafuni katikati ya vipande vya kitambaa, na kilio ambacho hakikutoka hospitali wala mazikoni kikatoka, kikubwa, kibaya, cha mtoto mdogo kuliko umri wake. Mama alishuka kwenye kiti, akakaa naye chini, akamkumbatia kichwa. Alimwambia karibu na sikio mambo ambayo mwalimu hakuyasikia na hakustahili kuyasikia.

Nani Kasema alibaki amesimama kwenye ngazi ya baraza. Hakuna aliyemkaribisha kukaa, wala aliyemwambia aondoke. Alipoona mteja anakuja na sare ya kupunguza, alishuka, akamzuia njiani, akamwambia kwa upole kwamba leo hakuna kazi.